Sura ya Saba

Mhariri kaniandikia kutoka mjini Unguja:
"Hadithi nzuri, ila sura ya saba imepoa.
Tia mjeledi. Tia kilio.
Na huyo mwanamume, jamani, asipige magoti yeye."

Nimeisoma barua barazani, Limbani, Wete,
mbele yangu jamvi la karafuu za jirani
niliyeahidi kuzianua mvua ikitisha.

Mhariri, hebu kaa.

Shaame wangu anapima karafuu kituoni.
Kutwa nzima yeye ndiye neno la mwisho:
"Hizi mbichi, rudisha. Hizi daraja la tatu."
Wazee wenye mvi wanamwita bwana,
na jioni anarudi na ule ubwana
umemganda shingoni kama kola ya shati jipya.

Mlangoni anavua viatu.
Thureya anasema, bila kupandisha sauti:
"Saa, mezani. Simu, mezani. Kaa chini,
usiseme mpaka niseme nawe."
Na bega la Shaame linashuka
(bega hilo nimeliandika mara kumi na moja),
linashuka kama gunia lililofika ghalani.

Hapo ndipo ulipotaka nitie kilio?

Walizungumza kwanza, mwezi mzima,
kwa haya, taa imezimwa, kila mtu na dari yake.
Wakaandika nyuma ya stakabadhi ya mauzo:
hili ndiyo, hili labda, hili abadan.
Thureya ndiye aliyekuwa mgumu:
"Mie nikuamrishe? Mie nisiyeweza hata kumkemea fundi bomba?"
Kisha wakatafuta neno la kusimamisha kila kitu.
"Acha" halifai; "acha" husemwa hata kwa kicheko.
Vidole vya Thureya vilinuka mchuzi.
Wakachagua "binzari."

Kuna usiku paka kaingia katikati ya amri,
wakacheka hadi amri ikafa.
Kuna usiku goti limekaza, likasingwa mafuta ya mkaratusi.
Kuna usiku Thureya mwenyewe kasema,
"Leo sitaki kuwa mkubwa wa mtu,"
wakala muhogo na dagaa, wakalala.
Hayo, mhariri, umeyakata kwa wino mwekundu.

Na usiku mmoja tu,
mikono imefungwa kwa kanga, fundo la kawaida,
Shaame akasema, sauti ndogo kama ya mtoto mwenye homa:
"Binzari."
Arubaini ya babake ilikuwa imepita juzi.
Thureya hakuuliza kwa nini.
Fundo likagoma. Akachukua mkasi
akaikata kanga, ile ya sanduku la arusi,
pale pale kwenye jina.
Kisha maji. Kisha shuka. Kisha chai ya mdalasini,
na kiganja chake kifuani mwa mume
mpaka adhana ya alfajiri.
Hakuwa Thureya mwingine. Ni yule yule wa "kaa chini."

Jina la kanga lilikuwa
NIMERIDHIA, SIKULAZIMISHWA.
Mkasi ulipita katikati ya neno.
Kipande kimoja kikabaki na NIMERIDHIA, SIKU
na cha pili LAZIMISHWA, peke yake.

Vile vitabu ulivyoniletea nijifunzie
vyote vimeokota hicho cha pili.

Basi nakurudishia sura kama ilivyo,
na paka wake, na goti lake, na dagaa.
Usiniulize nimeyajuaje.
Mvua imeanza, karafuu za watu zinalowa,
na mie nimekaa na kanga mapajani,
sindano mkononi, uzi wa rangi ya chungwa
usiofanana nayo hata kidogo.
Mshono utaonekana.
Acha uonekane.